Mbwa Aonapo Sanduku

Alijua tangu Jumanne, nilipolishusha kabatini.
Sikusema neno. Nililipangusa vumbi tu,
nikalilaza kitandani, mdomo wazi,
na Gerald akaja, akainusa zipu mwanzo hadi mwisho
kama karani anayekagua hesabu za mwizi,
kisha akaingia ndani, akajikunja juu ya mashati yangu manne,
akafumba macho.

Wahenga walisema mbwa hafi maji aonapo ufuko.
Juu ya mbwa aonapo sanduku walinyamaza.

Jina hilo sikumpa mimi.
Alikuja nalo kutoka kwa mzee Wilfred, nyumba ya pili,
aliyeanguka bafuni Februari. Binti yake akafika toka Leeds,
akasema fleti yake hairuhusu wanyama.
Nikasema nitakaa naye wiki moja.
Mwaka wa tatu huu.

Mama akipiga simu toka Ujiji, namfungia jikoni.
"Nini hicho kinachokwaruza?"
Upepo, Mama. Grimsby kuna upepo sana.
Na si uongo, upepo upo.
Nasali ghorofani, asikofika.
Yeye hukaa chini ya ngazi akisubiri nitoe salamu,
ya kulia, ya kushoto,
na kabla ya ya kushoto kwisha mkia unagonga ukuta.

Wiki moja Malta.
Wenzangu wa zamu ya usiku, kule tunakopakia samaki,
walishalipa, na nauli hairudi.
Tusidanganyane: nililitaka.
Miaka sita sijaona jua lisiloomba radhi.

Bi Maureen ana mabanda safi nje ya Louth,
buti za mpira, mikono ya mkunga,
na fomu.
Anakula nini. Anakula saa ngapi. Anaogopa nini.
Nikaandika: fataki. Puto.
Mtu mwenye fimbo, hata kama ni ya kutembelea.
Nikaandika: kuachwa.
Nikalikata neno. Lilisomeka bado chini ya mkwaruzo.
Mtu wa kupigiwa simu, mwenyewe asipopatikana.
Hapo nilikaa kitambo.
Msafiri naye anakwenda Malta. Binti wa Leeds sina namba yake.
Mama.
Nikaandika namba yangu tena,
nikibadilisha mwandiko.

Gerald hakulia. Ningependa alie.
Alikwenda na yule mama, kamba imelegea,
mkia katikati, si juu si chini,
akageuka mara moja tu,
wala si kunitazama mimi:
alitazama gari,
ahakikishe mlango wa nyuma bado uko wazi.
Nilikuwa nimeshaufunga.

Malta ni nzuri. Niseme nini zaidi.
Msafiri aliungua mabega.
Mhudumu aliniletea samaki mzima, kichwa na jicho,
nikamwambia, ndugu yangu, huyo namjua kwa uzito.

Siku ya tatu picha ikaingia:
Gerald kwenye kochi la watu, tumbo juu,
kando yake jike jeusi lenye masikio ya khanga aliyeanikwa vibaya.
"Ana raha, usijali."
Niliitazama hadi simu ikazimika mkononi.
Sikuwa nataka ateseke.
Nilitaka raha ipungue kidogo.
Kijiko kimoja.

Niliporudi, alinusa viatu vyangu muda mrefu,
akisoma Malta yote, paka wa bandarini,
mafuta ya Msafiri,
kisha akapiga chafya, akaingia garini mwenyewe.
Njia nzima kidevu chake kilikuwa juu ya mkono wangu wa gia,
nikaendesha gia ya tatu hadi nyumbani,
watu wakinipigia honi.

Kama amenisamehe, sijui.
Huenda hakunishtaki kamwe,
na hilo ndilo sijapata pa kuliweka.

Sanduku bado liko koridoni.
Sijalirudisha kabatini.
Yeye halipiti bila kuligusa kwa pua,
nami, nikienda zamu, nalivuka
nikiwa nimeshika funguo vizuri zisilie.